Tunda Moja kwa Siku

Hapo kale, Hondohondo jike alikuwa karibu kujifungia kwa ukuta wa tope ndani ya shimo la mti aatamie mayai, abaki na ufa mwembamba wa kulishwa na mumewe.

“Ukifa, nani atatulisha?” alimwuliza.

Mume akaenda kwa Nyani, aliyeahidi matunda kumi kila siku.

“Na wewe ukifa?”

“Nikifa, ahadi imekufa.”

Perere, mnyama mdogo apandaye miti, aliahidi tunda moja tu, mradi Hondohondo dume amwonye yeye na ukoo wake kila aonapo tai. “Nikifa mimi,” alisema, “ukoo wangu utaleta.”

“Umechagua kidogo, baba watoto,” mke alinung'unika, akajifungia.

Vifaranga walipoanguliwa, tai alimkamata mumewe. Mama akalia, akingoja njaa. Kesho yake tunda lilipenya ufani. Likaja kila siku, hata siku za gharika, mpaka vifaranga wakaota manyoya.

Alipobomoa ukuta akatoka, aliduwaa. Perere walijaa mti mzima, tangu shinani hadi kileleni, wakingoja zamu.

“Yuko wapi aliyeahidi?”

“Tai alimla siku ileile aliyomkamata mumeo, mama.”

Hondohondo akainamisha kichwa.