Wigi Litoke Zima

Mteja aliingia akijikuna juu ya sikio kwa mkia wa kitana, na kabla hajafika kwenye kiti, msusi alikuwa ameshamtambua. Ndiye yuleyule wa picha za harusi zilizozunguka kwenye simu za ndugu, ameng'ang'ania mkono wa shemeji, mume wa marehemu mdogo wake msusi, wote wawili meno nje.

"Dada, niokoe," alisema, akijibwaga kitini. "Gundi inaniwasha kufa, na msusi wangu kasafiri. Nitoe hili wigi, ila nywele zangu usiniulie, nakuomba."

"Kaa utulie. Umefika."

Mteja hakumjua. Angemjuaje? Tangu mazishi, shemeji alikuwa hakanyagi tena kwa wakwe zake.

Msusi alimzungushia kitambaa mabegani, akakikaza shingoni zaidi ya ilivyohitajika. Udongo wa kaburi la mdogo wake ulikuwa bado mbichi, na huyu tayari alikuwa analalia mito yake! Kilichomuuma zaidi ni kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyemwonea huruma yule mwanamume. Asubuhi ya mazishi, mdogo wake akiwa amelala pale amependeza kama anayekwenda sherehe, shemeji alisimama mlangoni, macho mekundu. "Niachieni kidogo nimuage mke wangu," alisema. "Nitamfunika mwenyewe." Watu walitoka wakilia. Msusi alilia kuliko wote. Waliporudi, jeneza lilikuwa limeshapigwa misumari.

Sasa Mungu kamletea mtu wake mpaka kitini.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Wigi la lesi, lenye wavu mwembamba mbele, lililobandikwa kwa gundi kali ukilivuta likiwa kavu, linaondoka na nywele za mbele, mizizi na yote, na nyingine hazirudi tena. Alishawaona waliojaribu nyumbani, mapaji yanang'aa kama magoti. Angevuta mara moja tu, kisha aseme, "Pole mpenzi, gundi uliyowekewa ilikuwa mbovu." Nani angemlaumu?

Alikigeuza kiti, mteja akakipa kioo kisogo. Akaingiza kucha chini ya lesi, karibu na sikio la kushoto, akashika barabara.

"Itauma?"

"Kidogo tu."

Akainama aone vizuri pa kuanzia. Mkono ukamganda.

"Vipi? Umeona chawa?" mteja alicheka.

Msusi alibaki ameinama, akiutazama ule mstari wa mbele, namna kila unywele ulivyofungwa kwenye tundu lake. Halafu akaachia. Alikwenda kwenye sinki, akanawa mikono, akanawa na uso, akakaa huko muda mrefu kuliko kazi ya kunawa.

Aliporudi alikuwa mtu mwingine. Alilowesha pamba kwa mafuta ya kulainisha gundi, akaipitisha taratibu ukingoni mwa lesi, sikio hadi sikio. Akangoja. Mteja alipojaribu kujisaidia kwa kucha, msusi alimpiga kikofi mkononi.

"Usiguse! Ukiharakisha, lesi inachanika."

"Na nywele zangu je?"

"Nazo pia."

Mteja akatulia, akaanza kuangaza macho kwenye rafu, palipopangwa vichwa vya plastiki vyenye mawigi. "Yale yote umefuma wewe?"

"Kwa sindano, unywele mmoja mmoja."

"Nitajuaje si ya dukani?"

Msusi alishusha moja, akaligeuza ndani nje. Kwenye utepe wa kisogoni palikuwa na mshono mfupi wa uzi mwekundu. "Ya kwangu yote yana huu. Asiyejua hawezi kuuona."

Gundi ilikuwa imeshalainika na kuanza kujikunja. Alipitisha mkia wa kitana chini ya lesi, akanyanyua kidogo, akasimama, akaongeza mafuta palipogoma, akanyanyua tena. Alifungua vichana vya ndani vilivyong'ata misuko. Hakuna hata unywele uliolia.

"Una mkono mwepesi wewe," mteja alisema, macho yameanza kujifumba. "Msusi wangu hunibandua kama tangazo ukutani."

"Wigi zuri. Ulilipata wapi?"

"Mume wangu aliniletea tulipochumbiana. Nywele za mtu kabisa hizi. Aliniambia nilitunze sana, lipo moja tu duniani."

"Hapo hakukudanganya."

Likatoka zima. Msusi alifuta gundi iliyobaki kwenye ngozi ya mteja, akamlaza nywele za mbele kwa kitana kwa upole, akakigeuza kiti kielekee kioo. Nywele zilikuwepo zote, mpaka vile vinyweleo vya pembeni. Mteja alijishika paji la uso, akacheka kwa raha.

"Mungu akubariki, dada! Haya, lioshe basi, nitalipitia kesho."

Msusi aliliweka wigi mapajani, akaligeuza ndani nje chini ya taa. Mteja akainama kutazama. Kisogoni palikuwa na uzi mwekundu.

"Eh! Kumbe ni kazi yako! Basi mume wangu alilinunua hapahapa!"

"Hakulinunua." Msusi alilifunga wigi kwenye kitambaa cheupe, akakikumbatia kifuani kwa mikono yote miwili. "Kwa mara ya mwisho nililishika nikimvisha mdogo wangu, ndani ya jeneza. Nenda kamuulize mumeo alimuaga vipi."