Mdomo Wenye Damu

Zama zile ng'ombe walipojichunga wenyewe, ndama walianza kuishiwa damu na kufa. "Ni mumiani huyu," zizi zima likasema. Wakakaguana midomo, na mdomo wa Yangeyange, ndege aliyeshinda migongoni mwao, ukakutwa na damu.

"Jamani, nawatoa kupe tu!" alilia.

"Mumiani gani atakiri?" alifoka Mabaka, aliyefiwa na ndama wawili, akawa wa kwanza kumrushia pembe. Yangeyange akaruka, asirudi tena.

Kupe wakazaana. Ndama wa mwisho wa Mabaka alipolegea, mama mtu akawang'oa kupe kwa meno, wakampasukia kinywani. Hapo akaelewa. Akakimbia kuwaambia wenzake.

Hakuwahi kutamka neno. Macho yote yalikuwa mdomoni mwake, na pembe zilikuwa zimeshainamishwa.