Tarehe Mosi Januari

Bulonza aliitumbukiza barua kwenye sanduku la malalamiko mchana kweupe, saa ya chakula, kisha akaenda kuketi meza moja na mtu ambaye barua hiyo ilimchongea.

Ghala lile la vipuri pale Louisville lilikuwa limeshapunguza watu mara mbili tangu uchumi uporomoke. Wazungu kwa weusi walitoka wamekumbatia maboksi, na wengine sasa walilala kwenye magari yao. Foklifti, mashine ya kunyanyulia mizigo, ilibaki moja. Waliojua kuiendesha walikuwa wawili, yeye na Hakizimana, na Ijumaa mmoja angekwenda nyumbani.

Alimchukia Hakizimana tangu kambi ya wakimbizi, ile chuki ya kugombania foleni ya maji, na Amerika haikuipoza. Huku walisali kanisa moja. Kila Hakizimana alipopewa kipaza sauti awaombee wasio na kazi, Bulonza alitamani ashikwe na kikohozi.

"Mbona huli?" Hakizimana alimuuliza.

"Njaa iko wapi? Bon, tunangoja tu ile liste yao."

"Nikibaki mimi, nitakuombea." Alisema hivyo huku akitabasamu, mnafiki yule.

"Anza sasa, donc. Usikawie."

Barua ilikuwa fupi: Hakizimana ameidanganya serikali, tarehe yake ya kuzaliwa ni ya uongo. Na kweli ilikuwa ya uongo. Karani wa kambi alimwandikia tarehe mosi Januari kila mtu asiye na cheti, Hakizimana akiwemo, akamaliza kazi yake mapema. Lakini Julai iliyopita mke wa Hakizimana alipika pilau la siku ya kuzaliwa ya mumewe, na Bulonza mwenyewe alikula sahani mbili.

Yeye hakuwa na wasiwasi. Mama yake alivuka msitu na kadi ya ubatizo ya mwanawe ameifunga kwenye pindo la kitenge, ina muhuri wa padri, na karani aliinakili vilevile: tarehe kumi na nne Machi. Karatasi zake zilikuwa safi, na alijivunia hilo kuliko kitu chochote alichokuwa nacho.

Ijumaa akaitwa ofisini. Bi. Patricia, mkuu wa wafanyakazi, alikuwa na mlinzi kando yake. Bulonza akaketi kwa raha, tayari kutoa ushahidi.

"Tumepata barua isiyo na jina," Bi. Patricia alisema. "Tumekagua karatasi za wote mliotoka kambi ile."

"Na mumeona uongo?"

"Tumeuona."

Aliigeuza kompyuta ili Bulonza aisome. Majina yalishuka hadi chini, na kando ya kila jina kulikuwa na tarehe.

"Wenzako wote arobaini na sita wamezaliwa tarehe mosi Januari," alisema, huku mlinzi akinyoosha mkono apewe kitambulisho cha kazi. "Wewe hiyo tarehe kumi na nne Machi uliinunua wapi?"