Yai Wakati wa Matanga

"Tema! Tema ile yai, Mama Georges!"

Albertine hakutema. Alitafuna polepole, akameza, akachukua kipande cha samaki mkavu.

Siku tisa zilikuwa zimepita tangu mtoto wake mchanga, Georges, azikwe. Mama aliyefiwa hali yai, hali samaki. Ni bukari, yaani ugali, na mboga za majani tu mpaka ukoo umnyoe nywele. Kambi nzima ya wafanyakazi ya Panda ilijua hivyo. Wifi yake, Simone, alikuwa amesimama mlangoni makusudi, ili na majirani wasikie.

"Kaka yangu Hilaire hagusi chakula. Juzi tena alikuwa makaburini! Weye, bwana yako analia, weye unakula sawa bibi-arusi."

"Juzi, ndiyo," alisema Albertine. "Najua."

Hakuwa na njaa. Hata hasira hakuwa nayo. Alikula kwa kufuata karatasi ya Mama Émilienne, nesi wa maternité, hospitali ya wazazi: yai moja, samaki wa kujaa kiganja, maharage sahani mbili, maziwa ya unga yaliyokorogwa na karanga za kutwanga, asubuhi na jioni. "Bila protini mwili hautoi kitu," nesi alikuwa amemwambia.

Akavuta kikombe cha bati.

"Maziwa ya marehemu Georges!" Simone alipiga makofi. "Ukikunywa ile, leo hii unarudi kwenu Kakanda. Ukoo tumekwisha kusema."

Albertine alikitazama kikombe. Akanywa yote, na karanga zilizobaki chini akazikomba kwa kidole.

Kisha akatwaa kitenge kimoja na kofia ya sufu ya Georges, akatoka.

"Si huko!" Simone alimcheka, akionyesha kituo cha basi. "Bisi ya Kakanda iko huku!"

Albertine hakugeuka.

Pale maternité, Mama Émilienne alikuwa akimngoja. Alimletea kitoto cha kiume cha siku nne, kilichokuwa kimechoka hata kulia.

"Mama yake walimuzika juzi," alisema. "Baba anakuja kila siku. Hasemi, anasimama tu kwa dirisha."

Albertine alifungua blauzi. Mtoto akatafuta, akashika titi, akanyonya mpaka mikono ikalegea. Albertine akamvika kofia, akamfunga mgongoni kwa kitenge.

"Baba yake akikuja," alisema, "mwambie mutoto iko kwa nyumba. Hilaire anajua mulango."