Madungusi Kumi na Mawili

Mlio wa gari ulipokaribia, Dady alitupa koleo na kutimua mbio.

"Vital, kimbia!" alipaza sauti bila kugeuka.

Vital hakuweza. Alikuwa katikati ya kichaka cha dungusi, lile la jangwani lenye matawi membamba kama penseli na vitunda vyekundu. Kila aliposogea, kipande kingine kilikatika kikamng'ang'ania. Miiba ilikwisha kupenya suruali na kumshika paja.

Hapo ndipo alipoelewa kwamba amedanganywa. Dady, mwenzake wa kazini, alimwambia kwamba mwenye ranchi amewaruhusu. Ndiyo maana Vital alikosa misa ya Jumapili, wakasafiri mwendo wa saa tatu kutoka mji wa Irving wanakoishi kuelekea magharibi, hadi nchi hii kavu ya mawe na chokaa, kumchimbia tajiri wao mimea ya kuuza. Lango walilikuta wazi. Njia nzima ilikuwa na vigingi vyenye utepe wa rangi ya chungwa, naye akadhani ni mipaka ya malisho.

Pikapu ilisimama. Akashuka bibi mzungu, mkongwe, bunduki mkononi.

Vital alitoka kwao Uvira kwa miguu, akaishi kambi ya wakimbizi miaka saba. Keshokutwa alikuwa na usaili wa uraia. Mkewe Cécile alikwisha kumpigia shati pasi. Nani angempa mwizi uraia?

Bibi aliyatazama madungusi yaliyolazwa kwenye turubai, mizizi imefungwa magunia. Kisha akamtazama yeye.

"Mmechimba mangapi?" aliuliza kwa Kiingereza cha kuvuta.

"Kumi na mawili, mama. Pardon. Nitayarudisha chini yote. Usiite polisi, nakuomba."

"Kumi na mawili tu!" bibi alimaka. Akapiga hatua mbele.

Vital alifumba macho, akaanza Baba Yetu. Hakufika mbali. Alisikia chuma kikigonga jiwe.

Alipofumbua macho, bunduki ilikuwa juu ya boneti. Bibi alikuwa ameinama, koleo la Dady mikononi, anachimba kichaka cha kumi na tatu.

"Mwite mwenzako, haraka," alisema akihema. "Wanangu wameuza ardhi yote. Matingatinga yanaingia kesho asubuhi, na bado yamebaki madungusi mia nne ya kuokoa."