Foleni Mbele ya Kipimo cha Mionzi

Tik… tik-tik… tik. Kipimo cha mionzi kilipita kifuani kwa mlinzi wa hospitali, naye mlinzi akafumba macho kama anayechomwa sindano.

"Pita. Mwingine," alisema mpimaji, bibi mmoja mfupi aliyeletwa na polisi asubuhi ile.

Wa tatu kwenye foleni alikuwa mfagiaji, ambaye hospitali nzima ilimwita Mama Dekio. Kikopo cha unga wa mionzi kilikuwa kimeibwa chumba cha dawa, na chumba hicho kilikuwa na funguo mbili tu: mmoja wake, mwingine wa mkuu wa eksrei. Mkuu alishawaambia polisi waanzie kwa nani.

"Aliyekifungua kile kikopo, vumbi lake limemganda," mpimaji alikuwa ametangaza. "Hata aoge mara saba, kipimo kitasema."

Mama Dekio hakumwamini mtu. Muuguzi aliyesimama mbele yake, viatu vipya vile kavitoa wapi? Na mlinzi, domo kaya kama lile, mbona leo kanyamaza? Hata kidude chenyewe alikitilia shaka. Miaka kumi na mmoja anadeki chumba kile. Vumbi la mle si lingeshamjaa mpaka kwenye kucha?

"Unatetemeka nini, mama?" mkuu wa eksrei alimnong'oneza kwa nyuma, jasho likimchuruzika. "Mionzi haitaniwi. Alfa, karatasi inamzuia. Beta, bati linamtosha. Lakini gamma! Huyo anapita ukutani kama mwenye nyumba. Sema tu ulikokificha, nikuombee msamaha."

"Jiombee mwenyewe kwanza, baba."

Muuguzi akapimwa: tik… tik. Akapita.

Ikafika zamu ya Mama Dekio. Tik. Tik-tik. Tik.

"Mmesikia?" mkuu akaruka. "Si nilisema? Kinamlilia!"

"Na mlinzi je? Si kimemlilia hivyohivyo?"

"Kwako kimezidi!"

Polisi akachomoa pingu. Mama Dekio akawafikiria wajukuu zake wawili, nani atawafungulia mlango wakitoka shule.

"Bado mmoja," alisema mpimaji. "Na wewe, daktari."

"Mimi tena?" Mkuu akacheka, akasogea kwa mwendo mzito, akatanua kifua. "Haya, pima mpaka uchoke."

Kimya. Mpimaji akakishusha kipimo taratibu kutoka kifuani mpaka magotini. Kimya.

"Umeona mtu safi alivyo?" mkuu akamgeukia Mama Dekio.

Mama Dekio alinyoosha mikono yote miwili apokee pingu.

Mpimaji akakigusisha kipimo ukutani: tik. Sakafuni: tik-tik. Kifuani pake mwenyewe: tik. Akakirudisha kwa mkuu. Kimya.

"Hata ukuta una mionzi kidogo, wewe tu huna hata tik. Vua koti, daktari," akasema. "Pamoja na hiyo aproni ya madini ya risasi, ya kuzuia mionzi, uliyoivaa ndani."