Dakika Tano za Atupele

Gari jeupe lilipochomoza kwenye kona ya Makwale, Dokta Atupele aliruka kutoka barabarani akaingia kwenye jaruba la mpunga, yeye na viatu na makabrasha yake. Akachuchumaa, kitenge kichwani, mpaka likapita.

"Limekwenda?"

"Limekwenda." Jackson alikuwa anacheka. "Dada, si ndiye huyo tunayetaka kumng'oa? Mbona unamkimbia kama fahali aliyekata kamba?"

Atupele aliinama kando ya barabara. Alikuwa akikwangua tope kwenye viatu vyake vyekundu kwa kijiti. Tope jeusi la Kyela halibembelezeki.

Aliyekuwa ndani ya gari ni Profesa Asegelile, mwenyekiti wa chama cha wanasayansi wa ziwa kwa miaka ishirini na miwili. Katika miaka hiyo, kumi na mmoja Atupele aliimaliza mtoni, kila masika, maji kiunoni, akihesabu samaki wa mbasa wanaopanda kutaga. Mwaka wa kwanza, elfu nne na mia mbili. Mwaka jana, sitini na watatu. Aliandika ripoti: uchimbaji wa mchanga mdomoni mwa mto usimamishwe. Ripoti haiendi wizarani bila sahihi ya mwenyekiti, na mwenyekiti ndiye mshauri wa hao hao wachimbaji. Ikatiwa kwenye droo. Imo humo mpaka leo. Asije mtu akasema hatukuambiwa.

Mwezi uliofuata mitambo mikubwa zaidi ilikuwa inaingia. Njia ilibaki moja: sahihi ya mwenyekiti iwe ya Atupele.

Jackson, mtaalamu wa samaki aliyehamia kutoka Mwanza miezi miwili tu iliyopita, alimpigia debe kwa kila mwanachama. Wanachama walikuwa arobaini na mmoja. Ishirini na sita walimshika mkono wakaapa. Kitu kimoja kilimkera: mgombea wake hakulitaja jina la mpinzani hata siku moja. Ni "yule", ni "aliyepo". Woga gani huu, aliwaza, kwa mtu anayetaka kuongoza?

Asubuhi ya uchaguzi, mwenye nyumba wa Jackson, Mzee Ezra, alikohoa mara mbili chumbani. Uani, mke wa mwanawe akaacha ufagio akazunguka nyuma ya nyumba, maana huko Kyela baba mkwe na mkamwana hawatazamani. Ndipo mzee akatoka, akaketi kwenye kigoda chake.

"Leo ndiyo leo?"

"Leo tunamng'oa, mzee."

"Mti wa miaka ishirini na miwili?" Mzee Ezra alicheka mpaka akashika mbavu. "Kwa makaratasi? Ndaga, asante, kijana. Nenda."

Ukumbini Matema, katibu wa chama, Mama Marta, alisoma kanuni. Kila mgombea ajieleze dakika tano, kwa kinywa chake, mbele ya wanachama. Asiyejieleza, amejitoa.

Profesa hakuwepo. Atupele alipanda jukwaani. Akafungua karatasi zake.

"Mwaka wa kwanza nilihesabu mbasa elfu nne..."

Mlango wa mbele ukafunguka. Profesa aliingia kimya, akikanyaga kwa ncha za viatu kama mtu aliyechelewa ibada. Akaketi kiti cha kwanza kabisa. Akamkazia macho.

Atupele akavuta kitenge akajifunika uso, akashuka, akatokea mlango wa jikoni. Karatasi zake zikabaki sakafuni.

Hakuna aliyecheka. Wenyeji waliinamisha vichwa, kila mmoja akatazama viatu vyake.

Jackson alimkuta nyuma ya tangi la maji.

"Rudi! Dakika nne bado!"

"Amekaa wapi?"

"Mbele."

"Alituma mtu aniambie atakaa nje mpaka nimalize."

"Kumbe mnatumiana watu?" Jackson alihisi damu ikimpanda. "Wamekulipa nini, Dada?"

"Mimi sikulipwa. Waliolipwa ni wengine." Alijifuta uso kwa ncha ya kitenge. "Kaka Jackson, nenda umwombe ahame. Ahame tu, nitamaliza."

Akaenda. Profesa alimpokea kwa tabasamu.

"Kijana, nimemzuia nani mimi? Mlango si ule pale, uko wazi?"

Jackson akaokota zile karatasi, angalau asome yeye. Mama Marta alitikisa kichwa bila kumtazama.

"Kwa kinywa chake, kaka."

Dakika zikaisha. Profesa akajieleza zake tano, akapita bila kupingwa, miaka mitatu mingine. Wale ishirini na sita walipiga makofi kwa nguvu kuliko wenzao; majina yao yanajulikana, yamehifadhiwa. Jackson alipotoka tena kwenda nyuma ya tangi, Atupele hakuwepo.

"Ameuza mto," alisema peke yake. "Ameuza mto mzima huyu mwanamke."

Saa kumi jioni mshindi aliwachukua wanachama wote kwenda kwake kula wali wa ushindi. Jackson naye alipanda gari. Alitaka kumwambia Profesa ukweli mezani pake, wote wakisikia.

Moshi wa jiko ulikuwa ukipanda nyuma ya nyumba, na harufu ya wali wa Kyela ilifika mpaka njiani. Kwenye lango, Profesa aliwanyooshea wageni mkono wasimame. Akakohoa mara mbili, kwa nguvu, kisha akasubiri.

Jikoni mwiko ukaanguka. Miguu mitupu ikasikika ikikimbilia migombani. Mlangoni pa jiko vilibaki viatu vyekundu, vimegandiwa na tope jeusi.